Rimoti ya inveta: maswali yenu kuhusu kuwasha na kuzima ukiwa mbali

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mama wa duka huku Kilwa, umeme wa gridi haujafika kwetu, mwanangu aliniletea paneli na betri moja ya maji ya 12V 200Ah na inveta ya wati 1500. Vitu vyote ameviweka stoo ya nje, anasema betri zisilale na watu. Sasa nikitaka kuwasha blenda au tivii lazima nitoke nizunguke nyumba, na usiku nikishalala ndio nakumbuka inveta sijazima, mvua ikinyesha naiacha tu mpaka asubuhi. Nimesikia kuna rimoti ya kuzimia, bei yake si kubwa, fundi wa hapa anasema atakata ule waya mnene wa betri aiweke katikati. Nimruhusu?

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa kuzunguka usiku. Usimruhusu kukata huo waya. Naomba umwonyeshe hii kurasa, si kwa kumgombeza, ni kazi anayoiweza kabisa akishajua pa kushika.

Inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa 230V wa nyumbani) ya wati 1500 kwenye betri ya 12V ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inavuta ampea 125, ukiongeza na kile kinachopotea kuwa joto unafika 140 hivi. Ile rilei ndogo ya rimoti, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme, imeandikwa 10A. Na hata kabla hujawasha kitu, ndani ya inveta kuna kapasita kubwa (vihifadhi umeme) ambazo zikikutana na betri zinajaa kwa mkupuo mmoja, ile cheche unayoiona fundi akigusisha waya kwenye betri ndiyo hiyo. Kontakti za rilei, vile vibati vinavyogusana ndani yake, zinayeyuka zinagandana, zikishagandana utabonyeza rimoti weee inveta haizimi, au zinachemka mpaka plastiki yake inashika moto, na hapo ni stoo imefungwa, usiku, hakuna mtu anayeona.

Sasa aangalie swichi ya mbele ya inveta. Karibu inveta zote za ukubwa huo swichi ile haipitishi umeme mkubwa, inapitisha umeme kidogo sana wa kuiambia saketi ya ndani amka au lala, kama ufunguo wa gari usivyobeba umeme wa stata, unaamrisha tu. Rimoti inatakiwa ikae hapo hapo kwenye umeme mdogo. Waya mnene ubaki mzima kama ulivyo, na fyuzi yake kubwa karibu na betri, na kama hiyo fyuzi haipo basi hela ya rimoti nunua fyuzi kwanza.

Kwanza atafute kama inveta ina tundu la rimoti. Nyingi zina kitundu kama cha simu ya mezani, kingine kinakuwa na kiterminali cha kijani chenye waya mbili. Inveta ndogo za Victron Phoenix kwa mfano zina kiplagi chenye pini H na L na kijiwaya kimeziunganisha, ukikitoa kijiwaya inveta inalala, ukizigusisha inaamka, hapo kazi imeisha, unatoa kijiwaya unaweka kontakti za rilei badala yake. Lakini kile kitundu cha simu asikibahatishe! Kina pini nne au sita, mojawapo inaweza kuwa inatoka moja kwa moja kwenye betri, nyingine ni ya taa, nyingine ni hasi, akizipiga shoti kutafuta ipi inawasha anaunguza njia kwenye bodi na inveta inakufa bila hata kutoa moshi. Asome kitabu chake, na kama kitabu kimepotea apime kila pini kwa mita kuanzia hasi ya betri, halafu akijaribu kuunganisha aunganishe kupitia rezista (kizuizi cha umeme) ya kilo-omu 1 na sio waya mtupu, maana rezista hiyo kwa 12V inapitisha miliampea 12 tu, ni vigumu kuunguza kitu. Na asishangae ikiwa inveta haikuamka kwa rezista, baadhi zinataka umeme zaidi kidogo, ila hapo atakuwa ameshaona kwenye mita ni pini zipi zinazoitikia.

Kama tundu halipo basi ni kufungua kava na kuchukua waya mbili za nyuma ya swichi. Hapa nakuwa mkali kidogo. Inveta inapandisha umeme ndani yake mpaka volti 300 na zaidi za DC kabla haijazigeuza kuwa 230 za kawaida, na zile kapasita za ndani zinabaki na huo umeme hata baada ya kuzima. Achomoe waya za betri zote mbili, azime paneli, asubiri dakika 10, halafu bado apime kwa mita kabla ya kuingiza kidole. Fundi anayesema "nimeshazoea" mimi simpi kazi. Akishafika nyuma ya swichi arudishe waya za betri, mikono iwe mbali na bodi, apime kwa mita swichi ikiwa imezimwa, umeme kati ya waya zake mbili ukiwa ni kama wa betri au chini yake, basi ndio swichi ya amri, achomoe betri na kusubiri tena kabla ya kufunga waya. Akikuta waya nene kama kidole zimeingia kwenye swichi, kama vile vijiinveta vidogo vya kuchomeka kwenye gari, aache, hiyo haifai rimoti kwa njia hii.

Kontakti za rilei, zile zilizoandikwa COM na NO (ya pamoja, na ile inayokuwa wazi rilei ikiwa imelala), zinafungwa sambamba na swichi. Maana yake ukitaka kutumia rimoti swichi ya mbele lazima iwe imezimwa, ikiwa imewashwa rimoti haina la kufanya. Watu wengi hawaambiwi hili wanarudisha rimoti dukani wakisema mbovu. Uzuri wa kufunga sambamba ni kwamba siku betri ya rimoti imekwisha unaenda stoo unawasha kwa mkono kama zamani.

Rimoti yenyewe tafuta ile ya redio ya 433 MHz, risiva yake (kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti) ya 12V yenye rilei moja. Na chukua yenye vitufe viwili, kimoja kuwasha kingine kuzima, usichukue ya kitufe kimoja kinachowasha na kuzima kwa zamu. Wewe uko chumbani huoni stoo, sasa ukibonyeza kitufe kimoja utajuaje umewasha au umezima? Lakini ukiwa na kitufe cha kuzima unabonyeza hata mara tano, inazima tu. Hizi risiva nyingi zinasetiwa, kuna namna ya kushikilia, ya kubadilisha (kitufe kimoja kwa zamu), na ya vitufe viwili, karatasi yake inaeleza.

Risiva inahitaji umeme saa zote maana ndiyo inayosikiliza. Inakula kidogo, miliampea 5 mpaka 10 ikiwa kimya, rilei ikishika inaongeza kama 30. Linganisha na inveta. Inveta ya wati 1500 ikiwa imewashwa na hakuna kitu kimechomekwa inaweza kula ampea 0.6 mpaka 1.5, tuseme moja, usiku wa saa 10 ni ampea-saa 10, ukiiacha mchana na usiku ni 24. Betri yako ya 200Ah ukitaka ikae miaka usiitoe zaidi ya nusu, yaani una 100 za kutumia, kwa hiyo karibu robo ya chakula chako kila siku inaliwa na inveta isiyofanya kazi yoyote. Kwa kweli mama hiyo ndiyo sababu kubwa ya kufunga rimoti, hata kuliko kuzunguka usiku. (Inveta nyingine zina swichi ya kubana umeme, zinasinzia mpaka zisikie mzigo, ila taa ndogo za LED na chaja za simu mara nyingi ni nyepesi mno hazizisikii, ndio maana watu huizima hiyo kitu wakaisahau.)

Umeme wa risiva auchukue wapi? Wengi wanachukua kwenye betri moja kwa moja na fyuzi ya ampea 1, sio vibaya. Ila mimi ningemshauri auchukue kwenye chaji kontrola, kile kifaa kati ya paneli na betri kinachosimamia kuchaji, zile terminali zenye alama ya balbu. Kontrola inakata terminali hizo betri ikishuka, na ikikata, risiva inakosa umeme, rilei inaachia, inveta inazima yenyewe. Inveta za bei ya chini huwa zinasubiri mpaka volti 10.5 hivi ndio zijizime, na hapo betri ya maji imeshaumia. Kontrola nyingi unaweza kuiseti, mimi napenda 11.5, ukipandisha sana basi blenda ikiwaka volti zikishuka kidogo inakata bila sababu. Jua likirudi kontrola inafungua tena, risiva inaamka ikiwa imezima, wewe unawasha ukitaka. Ahakikishe tu risiva haijasetiwa kukumbuka hali ya mwisho. Na kitu kimoja fundi akizingatie sana, kontrola nyingi za bei rahisi zinakata upande wa hasi, kwa hiyo hasi ya terminali za balbu sio hasi ya betri, asije akaziunganisha. Rilei yenye kontakti kavu, yaani zisizogusana na umeme wa risiva, haina shida na hilo, na ndio aina anayotakiwa kununua.

Risiva asiiweke juu ya betri, betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi inayowaka na rilei inatoa kacheche, aisogeze ukutani pembeni, chini ya usawa wa betri au mbali nayo, stoo iwe na tundu la hewa juu. Asiifiche ndani ya kava la chuma la inveta, mawimbi hayapiti chuma, na inveta zenyewe zinatoa kelele ya redio inayoziba masikio ya risiva. Nusu mita au mita moja pembeni inatosha, na antena yake iwe kijiwaya cha sentimita 17.3 kilichonyooka, hiyo ndio robo ya wimbi la 433. Ukiona imeandikwa mita 100 ujue ni uwanja wazi, ukuta wa tofali na mabati vinapunguza sana. Mwisho aweke kijitaa kidogo cha 230V mahali unapopaona kutoka chumbani, kikiwaka inveta iko hewani.

Na akija kukarabati siku nyingine achomoe kwanza fyuzi ya risiva. Mtoto anaweza kuwa anachezea rimoti sebuleni huku yeye ameshika waya.

SWALI: Fundi niaje, niko Turkana, sisi tuko na 24V, betri mbili za 12V zimeungwa moja baada ya nyingine, inveta ya 3000W. Hii inveta haina swichi ya kubonyeza ikae, iko na batani unaifinya kama sekunde tatu ndio inawaka, ukitaka kuzima unaifinya tena. Risiva nimepata ni ya 12V, sasa naweza chukua stima ya risiva kwa betri moja tu? Na itafanya kazi na hiyo batani?

JIBU: Poa sana. Kwa betri moja, hapana. Najua ni stima kidogo, miliampea 10 ni kama ampea-saa 0.24 kwa siku, lakini ni kila siku na ni betri ile ile, kwa mwezi inakuwa imepungua kama 7 kuliko mwenzake, na chaja inaziona mbili kama kitu kimoja, kwa hiyo moja haijai na nyingine inajazwa kupita. Baada ya muda utanunua betri bila kujua aliyeiua ni nani. Na ukichukua ile ya juu, hasi ya risiva yako inakuwa iko volti 12 juu ya hasi ya mfumo, waya mmoja ukigusa bodi ya inveta ni shoti kamili.

Nunua kile kibodi cha kushusha volti kinachopokea mpaka 40V, maana betri zako zikichajiwa zinafika 28.8 na zaidi, usinunue kilichoandikwa mwisho 28. Kabla hujaunganisha risiva kiwashe peke yake, zungusha kiskurubu mpaka mita isome 12, ndio uunge. Fyuzi ya ampea 1 iwe upande wa betri, kabla ya hicho kibodi.

Batani inawezekana, ila risiva uiseti ile namna ya kushikilia, yaani rilei inashika wakati kidole chako kiko kwa rimoti tu. Unafinya rimoti sekunde tatu kama ungefinya batani. Ukiiacha kwa namna ya kubadilisha rilei itaganda imefunga, inveta itadhani mtu ameshika batani hajaiachilia, nyingine zinawaka na kuzima zenyewe, nyingine zinakataa kabisa. Hapa ule ujanja wa kontrola niliomwambia mama wa Kilwa haukusaidii, rilei ikiachia inveta yako haizimi, inangoja kufinywa. Wewe seti kiwango cha chini cha betri ndani ya inveta kwenyewe kama iko na skrini.

Na kijitaa cha kuonyesha kwako sio hiari. Kwa batani ya namna hii huna kitufe cha kuzima na cha kuwasha, ni kile kile, bila taa utakuwa unabahatisha. Kama iko na friji, ukizima kwa bahati mbaya ngoja dakika 5 ndio uwashe, kompresa ikiwashwa gesi bado imebana inavuta stima nyingi na hiyo 3000W inaweza kulalamika na kujizima.

SWALI: Kaka fundi, nimenunua swichi ya waifai, nimeifunga kwenye waya wa 230V unaotoka kwenye inveta kwenda ndani, naendesha kwa simu. Inafanya kazi vizuri ila betri bado inaisha usiku kama zamani, na nikizima inveta yenyewe siwezi kuiwasha tena kwa simu. Nimekosea wapi? Niko shambani nje ya Dodoma.

JIBU: Mdogo wangu swichi yako haina kosa, mahali ulipoiweka ndipo pana shida. Ukizima kwenye 230V umezima vifaa vya ndani tu, inveta yenyewe iko macho inaendelea kula ile ampea moja yake usiku kucha. Na ukizima inveta umezima ruta, umezima na swichi yenyewe kwa sababu nayo inakula 230V hiyo hiyo, sasa simu itaongea na nani.

Unaweza kuhamisha ruta ikae kwenye betri, nyingi ni za 12V, kupitia kibodi cha kutuliza volti maana betri inapanda mpaka 14.4. Lakini hesabu kwanza, ruta ya laini inakula wati 6 mpaka 10 saa 24, kwa 12V hiyo ni nusu ampea mpaka 0.8. Unaokoa ampea moja ya inveta unamlisha ruta nyingi ya hiyo. Kama ruta huwa inawaka saa zote hata hivyo kwa ajili ya kamera au biashara, sawa, tafuta swichi ya waifai ya 12V yenye kontakti kavu uifunge kwenye waya wa amri kama nilivyoeleza juu. Kama sivyo, ya redio inakutosha.

Unaporudi shamba baada ya wiki unataka ukute friji imeshapoa? Kuna rilei za laini ya simu, zile zinazofungua mageti, zinakula 12V na zina kontakti kavu, unapiga simu inakata yenyewe halafu inawasha, hela haikatwi maana haipokei. Ziko zinazokula miliampea 20 hadi 50 zikisubiri, bado ni mbali sana chini ya inveta. Isajili namba zako tu, usiiache inakubali kila anayepiga, na laini uiwekee vocha mara moja moja kwa sababu laini isiyotumika kampuni huifunga. Nyingi zinatumia 2G, angalia kwenye simu ya batani kama hapo shambani inashika.

SWALI: Jirani yangu akibonyeza rimoti ya geti lake inveta yangu inawaka. Ni uchawi au?

JIBU: Si uchawi, ni kodi, yaani namba ya siri ambayo rimoti inamtumia risiva. Huenda rimoti yenu ni ile ya zamani ya kuunga kwa solda miguu 8 ya chipu, kila mguu una hali 3 (chanya, hasi au wazi), jumla ni kodi 6561 lakini zinatoka kiwandani nyingi zimeachwa wazi zote, kwa hiyo zako na zake ni sawa. Unga miguu miwili mitatu kwa namna yako kwenye rimoti na kwenye risiva ziwe sawa sawa, itaacha. Kama ni ya kujifunza, ambayo risiva inafundishwa rimoti kwa kitufe, kodi zake ni zaidi ya milioni 1, basi kuna siku mtu alibonyeza ya geti wakati risiva yako iko kwenye kujifunza ikaikariri. Ifute yote, nyingi zinafutika kwa kubonyeza kitufe cha kujifunza mara 8, halafu ifundishe tena rimoti yako jirani akiwa hayupo.